Kamati ya Bunge la Jimbo inashuka Annexe wiki ijayo: tuseme nini, na nani ana uwezo wa kutujibu?

#1 Mtu_wa_Annexe

Wakubwa, salamu kutoka Lushi (Lubumbashi), komine yetu ya Annexe.

Shefu wetu wa kartie (mtaa) alipita nyumba kwa nyumba Jumapili jioni. Wabunge wa jimbo, wa kamati ya mazingira na migodi, pamoja na wawili watatu wa kamati ya usalama, wanakuja wiki ijayo "kusikiliza raia". Watakaa kwenye uwanja wa shule. Kartie imetakiwa kutoa wasemaji watatu.

Malalamiko tunayo. Juu yetu kuna kiosheo cha madini. Maji yake yanateremka kwa mtaro wa udongo, yanapita katikati ya bustani za mboga na kuishia kijitoni. Kiangazi mtaro ukikauka unaacha ukoko mweupe unaoelekea kijani, na kuku wakidonoa pale hawamalizi wiki. Maji ya kisima ukiyaacha kwenye ndoo nyeupe, ukingoni unabaki mduara wa kijani ambao sabuni haiutoi. Usiku ni habari nyingine: vijana wanavizia magari ya madini pale yanapopunguza mwendo kwenye mashimo, wanashusha mifuko, na walinzi wenye sare wanafyatua risasi. Mwezi uliopita risasi ilitoboa bati la jirani yangu ikazama kwenye godoro. Hakukuwa na mtu kitandani, Mungu asifiwe.

Sasa kartie imegawanyika. Vijana wanataka vitambaa vya maandishi na nyimbo. Wazee wanataka wageni wapokewe kwa heshima, tuombe kisima kirefu. Wengine wanasema tusiende kabisa. Mliowahi kusimama mbele ya kamati yoyote, ya hapa au ya Kinshasa: mtu anasema nini pale?

#2 Mtoto_wa_Kamalondo

Tafuteni hema, viti vya plastiki na maji ya chupa. Mengine watajisemea wenyewe. Picha zitakuwa Facebook kabla vumbi la magari yao halijatua.

#3 Dereva_Kasumbalesa

Na mtatia sahihi kwamba wamefika, ili posho itoke 😂

#4 Mwandishi_wa_Zamani

Vijana, polepole. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya nyuma ya kamati, ile ya karani, waheshimiwa wakisema mimi naandika. Nieleze yanayotokea kwenye karatasi, maana huko ndiko mambo yanakoishi au kufia.

Kwanza, kushuka kartieni ni jambo moja na kikao cha kumhoji mkubwa ni jambo lingine. Katiba ya 2006, ibara ya 138, inawapa wabunge wa taifa na maseneta njia tano za kuibana serikali: swali la mdomo au la maandishi, swali la mambo ya sasa, kumwita waziri ajieleze mbele ya wote, tume ya uchunguzi, na kuhojiwa mbele ya kamati. Kwa upande wa jimbo, ibara ya 197 inalipa bunge la jimbo kazi ya kuidhibiti serikali ya jimbo na huduma za umma za jimbo na za mitaa. Kwa hiyo siku ile uwanjani nyinyi mnatoa habari tu. Anayepaswa kutoka jasho ni waziri wa jimbo, baadaye, kule kwenye jengo la bunge la jimbo, lile la 30 Juin, akiulizwa kile mlichosema. Kama mlichosema hakiwezi kugeuzwa kuwa swali, hataulizwa.

Mfano. Mtu akisimama akalia: "Tunakufa, kampuni zinatumaliza!", watu watapiga makofi na karani ataandika: "Wakazi walilalamikia uchafuzi." Mstari mmoja. Waziri naye atajibu kwa mstari mmoja: "Serikali inafuatilia." Imeisha hiyo. Lakini akisema: "Mtaro unaotoka chini ya ukuta wa mashariki unapita kwenye bustani hizi. Tulimwandikia burgumestre, mkuu wa komine, tarehe fulani, nakala yenye muhuri hii hapa. Tunaomba kujua watu wa mazingira wa jimbo walikuja kupima lini na matokeo yako wapi", karani hana pa kufupishia. Ataandika yote, na waziri itabidi aje na tarehe au aje mikono mitupu mbele ya watu wanaoweza kumpigia kura ya kumwondoa.

Pili, pelekeni karatasi kabla ya siku yenyewe, kwenye sekretarieti ya bunge, na mdai nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Karatasi iliyopokewa inaingia kwenye dosie na kuambatishwa kwenye ripoti. Maneno ya mdomo yanategemea masikio ya karani, na saa saba mchana chini ya hema masikio ya karani yako kwenye bukari (ugali).

Tatu, kalenda. Vikao vya kawaida vya bunge la jimbo hufunguliwa 30 Machi na 30 Septemba, miezi mitatu kila kimoja. Ripoti ya kamati isiyosomwa mbele ya wote kabla ya kufunga inalala. Na kile cha Septemba kinamezwa na bajeti.

#5 MamaLengalenga

Papa mwandishi, asante. Mimi ndiye mama waliyenichagua kuwa msemaji wa tatu, bustani yangu iko palepale kwenye mtaro. Sikusoma sana. Lengalenga yangu (mchicha) siku hizi inatoka na majani yenye kingo za njano, na nikifika soko la Mzee Kabila wateja wanauliza kwanza, "Iko ya wapi hii?" Nikisema Annexe, wanaweka chini. Nikisema ya Kipushi nakuwa mwongo. Sasa nisimame mbele ya wakubwa niseme Kifaransa gani?

#6 Mwandishi_wa_Zamani

Mama, sema Kiswahili chako bila haya. Wabunge wa hapa wote wanakisikia, kura waliombea kwa Kiswahili. PV, yaani kumbukumbu ya kikao, ndiyo itaandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo kabla ya kuondoka mwombe karani akusomee yale aliyoandika chini ya jina lako. Hawezi kukataa mbele ya watu. Na hiyo habari ya wateja kuweka mboga chini uiseme hivyohivyo ulivyoiandika.

#7 Wakili_Chini_ya_Mwembe

Niongezee upande wa sheria, maana watu wanaenda kuomba kisima wakati sheria inawapa zaidi ya kisima.

Katiba ibara ya 53 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 54 inasema uchafuzi au uharibifu wowote unaotokana na kazi ya kiuchumi unaleta fidia au marekebisho. Halafu Sheria ya Migodi (Code minier), ile ya 2002 iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, imeingiza ibara ya 285 bis: mwenye haki ya mgodi analipa madhara yaliyotokana na kazi zake kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakuna kosa wala uzembe kwa upande wake. Msiingie kwenye mabishano ya "walifanya makusudi au la". Thibitisheni madhara, thibitisheni yametoka wapi, inatosha.

Mjue pia nani ana uwezo gani. Kibali cha mgodi kinatoka Kinshasa, kwa waziri wa migodi wa taifa, na ni yeye anayeweza kusimamisha kazi. Mmeona Novemba 2025, maji ya mgodi yalipofurika makartie ya Annexe: aliyefunga mgodi ule kwa miezi mitatu alikuwa waziri Louis Watum, si bunge la jimbo. Tathmini ya athari za mazingira inapitishwa na Wakala wa Kongo wa Mazingira, ACE, wa taifa pia. Polisi na jeshi vilevile ni vya taifa. Mkimwambia mbunge wa jimbo "fungeni kiwanda", ataitikia kwa kichwa akijua hana ufunguo.

Ila kuna pesa, na hapo jimbo na komine hawana pa kujificha. Mrabaha wa madini, yale malipo ya kampuni kwa serikali, unagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mtaa ambako mgodi uko, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Mngekuwa nami ningeuliza swali moja tu: ile 15 ilifika kwa nani, kiasi gani, na imefanya nini?

#8 Mtoto_wa_Kamalondo

Mnaongea kama watu wa nchi nyingine. Nani kati yenu amesahau ripoti ya Lutundula? Tume ya Bunge aliyoiongoza yeye, iliyotokana na mazungumzo ya amani ya Sun City, ikachunguza mikataba iliyosainiwa wakati wa vita, ikamaliza kazi Juni 2005. Wabunge wenyewe wakaipata Februari 2006, na haijawahi kujadiliwa mbele ya wote. Seneti nayo ikaja na ya kwake 2009, ya Seneta Mutamba Dibwe, juu ya sekta ya migodi. Zote zina majina, zote zina hesabu. Mnaona matunda?

Kusikilizwa tumesikilizwa vya kutosha. Mtu anayesikilizwa bila kujibiwa anageuzwa redio.

#9 Mwandishi_wa_Zamani

Mdogo wangu, umesema kweli nusu. Lutundula alitaka mikataba ipitiwe upya, na mwaka 2007 serikali ikaunda tume ya kupitia mikataba 61 ya migodi. Jinsi ilivyopitiwa ni hadithi chungu, nakubali. Lakini ripoti isingekuwepo, hiyo orodha ingetoka wapi? Mpaka leo mtu akitaka kuandika juu ya nani alichukua nini Katanga, anaanza na karatasi ile ambayo haikujadiliwa.

Unaona tofauti lakini? Tume ile ilikuwa na mikataba mkononi. Wale wa kartie waliokwenda na nyimbo, hakuna hata mmoja ninayemkumbuka.

#10 Dereva_Kasumbalesa

Mimi nacheka lakini nina uchungu. Februari 2025 tuliamka tukasikia kobalti haitoki, miezi minne, imeamuliwa na ARECOMS, mamlaka ya taifa ya kudhibiti soko la madini ya kimkakati. Ikaongezwa. Oktoba wakafungua kwa kugawa viwango: tani 18,125 kwa mwisho wa mwaka ule, na 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ilipanda, wakubwa wakafurahi. Sisi wenye magari yaliyosimama, na mama wanaouza chai kwenye foleni ya mpaka, kamati gani ilituita? Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya, kobalti ilikuwa inauzwa kama mchanga. Nasema hakuna aliyeuliza dereva analipwa kwa safari au kwa mwezi. Analipwa kwa safari.

#11 Goma_Moyoni

Dada yenu kutoka Goma, niko hapa Lushi kwa shemeji tangu mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025. Nisome tu nipite, lakini kwa upande wa usalama nina neno.

Kwetu Kivu Kaskazini, na Ituri, tuliwekewa utawala wa kijeshi wa dharura tangu 6 Mei 2021. Kwa Katiba, ibara ya 144, ni siku 30, halafu unaongezwa siku 15 baada ya 15 kwa ruhusa ya Bunge na Seneti. Gavana akawa jenerali. Mameya wakawa maofisa wa polisi. Bunge letu la jimbo likasimamishwa. Kinshasa wakawa wanapiga kura ya kuongeza, kuongeza, kuongeza, mpaka kura yenyewe ikawa habari ya kusomwa mwishoni kabisa mwa taarifa. Mwaka uleule wa kwanza kamati ya ulinzi na usalama ya Bunge la taifa iliwahoji mawaziri, na ripoti yake ilikosoa kweli. Agosti 2023 kukawa na meza ya mazungumzo huko Kinshasa juu ya utawala huo. Muda wote huo, mtu wa Rutshuru au Masisi akionewa na mwenye sare hakuwa na mbunge wa jimbo wa kumwita gavana amuulize. Gavana hakuwa anadaiwa na mtu yeyote aliyechaguliwa pale.

Nyinyi bado mnaye gavana aliyechaguliwa na wabunge hawa wanaokuja kwenye uwanja wenu wa shule, na wao wanaweza kumwangusha. Msiichezee nafasi hiyo kwa nyimbo.

La pili, na hili nalisema kama mama: mambo ya risasi msiyaseme hadharani. Aliyetaja jina la mlinzi mbele ya watu mia mbili hajui nani kati yao anakula mkate wa mlinzi. Kwetu watu walitembelewa usiku kwa maneno ya mchana. Ombeni kamati ya usalama iwasikilize milango ikiwa imefungwa, watu wachache, bila simu.

#12 Mtu_wa_Annexe

Dada wa Goma, pole kwa yote na karibu Lushi. Hilo la milango iliyofungwa hatukuwa tumelifikiria kabisa. Nalipeleka kwa shefu leo.

#13 Msomaji_wa_Usiku

Mnaonaje tukiandika Washington moja kwa moja? Sifanyi mzaha. Tarehe 14 Julai 2022 tume ya Tom Lantos ya haki za binadamu, ya Congress ya Marekani, ilikaa juu ya watoto katika migodi ya Kongo. Tarehe 14 Novemba 2023 tume nyingine ya Congress, ile inayoshughulikia China, ikakaa juu ya kobalti yetu na magari ya umeme. Nimeangalia zote kwenye intaneti, usiku, na meg zangu zimeisha.

Nilichokipenda ni utaratibu. Katika kamati za Baraza la Wawakilishi, shahidi anakabidhi ushuhuda wake kwa maandishi kabla, na mdomoni anafupisha tu, kwa kawaida dakika 5. Kila mbunge naye ana dakika 5 za kumhoji, saa ikihesabu mbele yake. Karatasi ya shahidi inawekwa wazi, mtu wa Kolwezi anaweza kuisoma bila kumjua mtu yeyote. Hapa kwetu ukitaka PV ya kamati lazima uwe na shemeji ndani.

#14 Goma_Moyoni

Utaratibu mzuri, nakubali. Ila uliza watu wa Walikale, kwetu Kivu Kaskazini, juu ya sheria ya 2010, ile tuliyoiita sheria ya Obama, ya kuzitaka kampuni za Marekani zieleze kama bati, koltani, wolframu na dhahabu yao inatoka Kongo na kwa majirani zake. Nia ilikuwa kuwakatia wenye bunduki pesa. Sisi tuliijua siku wanunuzi walipoacha kuja. Wachimbaji hawakuwa wamesikia kwamba kuna kikao.

#15 Wakili_Chini_ya_Mwembe

Jambo lingine. Katika mikutano ile ya Marekani utasikia mara kwa mara idadi ya watoto 40,000 migodini. Ni makadirio ya UNICEF ya 2014, kwa migodi yote ya kusini mwa Kongo. Miaka inapita, watoto wale wamekuwa watu wazima, namba bado inasomwa. Kwa nini? Kwa sababu iliandikwa, na sisi hatujaandika nyingine ya kuiondoa. Mzee mwandishi anaposema karatasi, ana maana hiyo.

Washington haiwezi kuziba mtaro wenu, ndugu msomaji. Anzeni na burgumestre.

#16 Mtu_wa_Annexe

Nimeandika rasimu, ikosoeni:

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, sisi watoto wako wa kartie, kwa unyenyekevu mkubwa, tunakupongeza kwa hekima na upendo uliouonyesha kwa kukubali kuacha kazi zako nyingi ili utufikie sisi tuliosahaulika tangu uhuru. Tunaomba: kisima, zahanati, lami, umeme, ajira kwa vijana wetu, kiwanja cha mpira, ulinzi, na kiosheo kiondoke."

#17 Mtoto_wa_Kamalondo

Mmesahau uwanja wa ndege.

#18 Mwandishi_wa_Zamani

Kijana, pongezi ipewe mstari mmoja, heshima ni heshima. Maombi manane ni zawadi kwa waziri: atajibu la kiwanja cha mpira, atapigiwa makofi, atakaa. Bakiza maji. Usalama uandikwe kwenye barua ya pili, kwa kamati ya pili, ndani ya bahasha iliyofungwa. Mengine yana siku yake.

Andika hivi: maji yanatoka wapi (chora ramani kwa mkono, weka mti, ukuta, kisima). Tangu lini. Nani ameandikiwa na amejibu nini. Halafu maswali mawili: matokeo ya vipimo yako wapi, na pesa ya komine kutokana na mrabaha imefanya nini. Sahihi za watu, pamoja na avenue na namba ya nyumba. Kurasa mbili, zisizidi.

#19 Wakili_Chini_ya_Mwembe

Na kiambatisho kimoja cha sayansi, kwa ajili ya yule mbunge atakayesema "hizi ni hisia". Watafiti wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) pamoja na Chuo Kikuu cha Leuven walitoa mwaka 2009 utafiti ulioonyesha kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mwaka 2020 wakatoa mwingine, katika The Lancet Planetary Health, uliofanyika Lubumbashi hapahapa: hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ilikuwa kubwa zaidi pale baba anapofanya kazi inayohusiana na migodi. Msiseme unathibitisha habari ya mtaro wenu, hauthibitishi. Semeni unatosha kumlazimisha mtu aje apime.

#20 MamaLengalenga

Ile ya baba mmeiona? Sisi kila siku wanatuambia ni mama alikula nini.

#21 Mtu_wa_Annexe

Wamekuja. Niwape habari yote.

Waliahidi saa tatu, wakafika karibu saa tano na nusu. Wabunge wanne, karani, mtu wa kamera, na vijana wa ofisi ya gavana ambao hakuna aliyewaita. Barua ilikuwa imeshapokewa kwenye jengo la 30 Juin siku mbili kabla, muhuri tunao. Mwenyekiti alikuwa nayo mkononi, imepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Hapo moyo ukatulia kidogo.

Shefu alisema salamu. Mimi nikasoma maswali mawili. Mbunge mmoja, mwenye kofia, akauliza: "Mna uhakika gani maji haya si ya barabara? Mvua inasomba kila kitu." Watu wakaanza kupiga kelele. Mama Lengalenga akasimama, hakusema kitu, akafungua kikapu chake na kutoa chupa tatu, kila moja imefungwa kitambaa chenye maandishi ya mtoto wake: JUU YA KIWANDA, KWENYE UKUTA, BUSTANI YANGU. Ya kwanza ilikuwa na maji meupe ya kawaida. Ya pili na ya tatu zilikuwa na rangi ya chai iliyomwagiwa maziwa, na chini kumekaa tope laini la kijani. Akazipanga mezani mbele ya yule mwenye kofia. Ndipo akamweleza habari ya wateja wa sokoni. Karani alizipiga picha mbele na nyuma, halafu mama akamwambia, "Sasa nisomee." Akasomewa. Alimsahihisha mahali pawili.

Usalama ulisikilizwa darasani, mlango umefungwa, kitenge kimetundikwa dirishani. Tulikuwa watano. Waheshimiwa walikaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yamegusa videvu. Yaliyosemwa sitaandika hapa. Niseme tu kwamba risasi ile ya kwenye godoro haikutolewa nje ya darasa. Imechorwa na kuandikwa, ikarudi kwa mwenyewe.

Burgumestre aliulizwa kuhusu ile asilimia 15. Akasema ana hati za benki ofisini na atazileta kwenye kamati. Mwenyekiti akamwambia karani aandike "atazileta" na tarehe. Tarehe ikaandikwa.

#22 Mtoto_wa_Kamalondo

Soda ziliondoka ngapi?

#23 Mtu_wa_Annexe

Hakukuwa na soda. Walipewa maji ya kunywa kutoka mjini, ya chupa, na hakuna aliyekubali kuonja ya kwetu.

#24 Mtu_wa_Annexe

Nyongeza kwa waliouliza inaendeleaje. Waziri wa jimbo alihojiwa na kamati. Jibu lake, kama alivyotueleza mtu wa ndani: vipimo ni kazi ya wakala wa taifa, yeye ameandika Kinshasa. Kamati ikamtaka alete nakala ya hiyo barua aliyoandika. Hati za burgumestre zimefika, lakini za mwaka mmoja tu. Magari ya usiku sasa yanapita kabla ya saa tatu, na walinzi wa lango wamebadilishwa. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Mtaro uko palepale.

#25 Mwandishi_wa_Zamani

Sasa msikae. Fanyeni haya wiki hii. Ulizeni mwandishi wa ripoti ni mbunge gani, mjue jina lake na ofisi yake. Ulizeni ripoti imepangiwa siku gani mbele ya wote. Kama haina siku, mwandikieni mwenyekiti wa bunge, nakala kwa kamati. Na kwa kuwa waziri amewarusha Kinshasa, pelekeni dosie ileile kwa mbunge wenu wa taifa, aulize swali la maandishi kwa waziri wa mazingira. Vikao vyao vinakwisha 15 Juni na 15 Desemba, wahini.

Burgumestre mdaini miaka iliyobaki. Mwaka mmoja ni wa kuwaonjesha.

#26 Jirani_Ruashi

Nimesoma uzi wote kwa mara moja. Kwetu Ruashi tuna shida inayofanana, na tumeambiwa kamati inapanga kupita. Naomba mfano wa barua, na kwa mama: chupa ulitumia zipi? Mwanangu anasema lazima za glasi.

#27 MamaLengalenga

Nilitumia za maji ya dukani, baba. Nilizisuuza tu.

#28 Msomaji_wa_Usiku

Kwa kutafuta metali plastiki safi ndiyo nzuri, glasi haihitajiki. Chupa mpya, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale unayoyachukua, ndipo ujaze. Chukua siku moja, saa zinazokaribiana. Andika mahali, tarehe na saa kwenye chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Ziweke mbali na jua. Na chukua mbili mbili kila mahali: moja ya kamati, moja ibaki kwako.

#29 Mtu_wa_Annexe

Jirani, barua nimekutumia kwenye ujumbe wa ndani, pamoja na ile ramani ya mkono. Badilisha mti, kwetu ni mwembe.